Picha ya Hewa

Mtaa mzima ulimwita Flashi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vifaa vya shule. Ndani kulikuwa na pazia jeupe la picha za vitambulisho, pazia la buluu lenye mawingu la wapendanao, kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, na chanuo lililofungwa kwa kamba ili lisiote miguu. Kulikuwa pia na koti moja jeusi la kuazima, lililowatosha wanene kwa wembamba, kwa sababu mgongoni lilichanwa likawa linabanwa kwa vibanio vya nguo. Jumamosi alifunga studio akaenda kupiga harusi. Tusimwonee, alikuwa fundi. Aliyenuna alimchekesha, na bibi harusi mwenye chunusi alitoka hana hata moja. Ila alikuwa na tabia moja, na hiyo ndiyo iliyokuja kumtokea puani.

Tabia yenyewe aliiita kupiga hewa. Ukumbini kuna wageni wa kila namna, na nusu yao wakiona kamera hawakaliki. Huyu kakushika mkono anataka apigwe na shemeji yake, yule kawapanga wenzake wanane wa meza moja, mwingine kamnyanyua mtoto anayelia kwa usingizi. Ukiwapiga wote, utamaliza nafasi keki haijakatwa, na kesho hatatokea hata mmoja studio kuulizia picha yake. Ukiwakatalia, unaambiwa una maringo. Flashi alikuwa na dawa yao. Nyuma ya ile flashi kubwa inayokaa juu ya kamera kuna kitufe kidogo cha kujaribia kama taa inawaka. Unainua kamera, unafumba jicho moja, unasema sogeeni kidogo, bwana wewe wa nyuma tuonane, halafu kidole gumba kinabonyeza kile kitufe. Taa inawaka pwaa, watu wanacheka, wanakushukuru, wanarudi kula. Ndani ya kamera hakuna kilichoingia.

Nyumbani hakulificha hilo. Kila Jumapili alikula kwa mama yake, yeye na dada yake mkubwa aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa, na baada ya chakula aliwaigiza wageni wa jana yake mmoja mmoja, jinsi walivyojiweka sawa, jinsi walivyovuta tumbo ndani. Mama alicheka mpaka akashika meza.

"Huo ni wizi," dada alisema.

"Wizi gani?" Mama alikuwa upande wa mwanawe siku zote. "Kachukua kitu cha nani? Kawapa mwanga tu."

Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Miaka thelathini alikanyaga cherehani kwenye chumba cha mbele, na hakuna mtoto mtaani ambaye hakuwahi kusimama pale mikono juu apimwe kifua. Na huyo mama wa mpiga picha, niwaambie, hakuwa na picha. Ya ujana wake ililiwa na unyevu ukutani, ikabaki mabega na kipande cha shingo. Nyingine ilikuwa ya kitambulisho, aliyopigwa ofisini baada ya kusimama foleni toka alfajiri: jicho moja limefumba nusu, mdomo umepinda kama wa mtu anayesubiri zamu yake ya kugombana. Aliichukia picha ile, na kitambulisho chenyewe alikilaza chini ya godoro. Simu zenye kamera wakati huo zilikuwa bado za wenye nazo. Mtu akitaka kumpiga mahali, mama alimkatalia. "Nipigwe na mtoto wa mwenzangu, na wangu ana studio?" Na huyo wake mwenye studio alimwona kila Jumapili, kwa hiyo hakuona haraka ya nini.

Basi ikaja harusi ya binti wa jirani, mtoto ambaye mama alimshonea sare yake ya kwanza. Flashi ndiye aliyepewa kazi ya picha. Mama naye akaalikwa meza za mbele, na wiki nzima cherehani haikupumzika. Alijishonea gauni la zambarau la mikono mirefu, lenye kola ndogo ya lesi aliyoitunza miaka mingi kwenye kopo la vifungo. Dada akaja kumsuka.

"Siku hiyo nataka picha moja," mama alimwambia Flashi, akiwa kakaa chini kichwa kimeshikwa. "Moja tu. Nimekaa, nimetulia. Siku nikiondoka muwe na kitu cha kuweka mbele ya watu, maana ule uso wa kitambulisho sitaki. Nimeshasema, sitaki."

"Unaondoka unakwenda wapi, mama?"

"Jitie hujasikia. Picha moja."

"Utapata kumi," alisema Flashi.

Asubuhi ya harusi alifanya kosa la wapiga picha, ambalo mtu mwingine hawezi hata kulifikiria. Kadi yake ya kuhifadhia picha, kubwa na mpya, aliichomeka kwenye kompyuta ahamishe picha za wiki iliyopita, akatoka kwenda kunyolewa hapo jirani wakati kompyuta inafanya kazi. Alirudi kachelewa, akabeba mkoba, akafunga mlango akaondoka. Kadi ikabaki kwenye kompyuta. Iliyokuwamo kwenye kamera ni ya zamani, ya miaka sita, iliyokwisha kupiga harusi, mahafali na misiba ambayo hata mwenyewe hakumbuki. Ilishaanza kutoa dalili, mara inachelewa kufunguka, mara inadai imejaa na haijajaa. Yeye kila ilipoleta ukaidi aliichomoa, akaichomeka tena, akaendelea.

Ilimchukulia picha za kufunga ndoa bila neno. Ilimchukulia maharusi wakiingia ukumbini. Mchana, bwana harusi anamvutia mkewe kiti, kamera ikagoma. Kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba kadi imefungwa, haiwezi kupokea faili jipya.

Flashi akatabasamu kama mtu aliyebanwa na haja, akapenya mpaka stoo ya ukumbi, akajifungia na kreti za soda na viti vilivyokatika miguu. Aliitoa kadi akaangalia kwanza kile kijiswichi cha pembeni, maana ndicho chenye fitina mara nyingi: kikishuka kidogo tu, kadi inajifunga. Kilikuwa juu. Akakishusha, akakipandisha, akakibana kwa selotepu kisiteleze, akairudisha. Imekataa. Akachukua kifutio cha penseli, akasugua yale meno ya shaba taratibu, akapuliza. Imekataa. Akatoa betri, akahesabu mpaka thelathini, akairudisha. Imekataa. Akasema labda imejaa na inaona aibu kusema, ngoja niipunguzie. Akafuta picha za shule moja aliyoipiga mwezi uliopita, darasa zima na mwalimu mkuu wao. Kamera ikasema tayari. Akazima, akawasha. Mwalimu mkuu huyo hapo, amekunja mikono vile vile. Akamfuta tena, akarudi tena. Kufomati kadi nzima hakuthubutu, picha za ndoa zilikuwa humo humo. Ilikuwa kadi isiyopokea na isiyosahau.

Ile mpya iko studio, studio iko upande wa pili wa mji, na ufunguo uko mfukoni mwake. Angeweza kumwambia mwenye shughuli ukweli, mtu akatumwa, ndani ya saa moja mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini Flashi kuja kusema mbele za watu kwamba amesahau kadi? Bora afe. Akapekua mkoba mpaka chini kabisa, akapata kadi ndogo ya kamera yake ya kwanza. Akaichomeka. Ikakubali. Nafasi za picha arobaini na tatu.

Akapiga hesabu hapo hapo juu ya kreti. Keki, wazazi wa pande zote mbili, zawadi, maharusi kucheza, maharusi kutoka. Hizo arobaini na tatu ni zao. Wengine wote, hewa.

Na kweli aliwapiga hewa siku ile mpaka kidole kikamuuma. Meza kwa meza, wajomba, mashangazi, wafanyakazi wenzake bwana harusi, watumishi wa jikoni waliovua aproni ili wapendeze. Wote walimshukuru.

Saa kumi, keki imeshakatwa, mama akaja. Alimpa dada mkoba wake amshikie, akaenda kukaa kwenye kiti kilichopambwa pembeni ya jukwaa. Alikaa mbele kidogo ya kiti, asikiegemee gauni likakunjana. Akaweka mikono juu ya magoti, akagusa kola kuhakikisha imelala.

"Haya baba, nipo."

Flashi akatupa jicho kwenye kioo. Zimebaki nane. Zawadi bado, maharusi kutoka bado, na nyuma yake mshereheshaji anamwita kwa kipaza sauti: mpiga picha, mpiga picha yuko wapi. Akajiambia, mama ni wa nyumbani. Gauni lipo, studio ipo, mama yupo. Kesho kutwa nitamweka mbele ya pazia nimpige kwa nafasi yangu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na hakukuwa na ubaya moyoni mwake, jambo ambalo halikuja kumsaidia kitu.

"Shusha kidevu kidogo, mama. Hapo hapo."

Kidole gumba kikabonyeza. Pwaa.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Piga na nyingine, isije ikawa nimefumba."

Akampiga na ya pili. Mama akasimama, akajinyoosha gauni, akarudi kwenye meza yake ametulia, kama mtu aliyemaliza shughuli muhimu ofisini.

Maharusi wakapokea zawadi, wakatoka, wakapungiwa mikono. Flashi aliporudi studio jioni akaikagua kadi ndogo. Picha arobaini na moja. Nafasi mbili zilibaki. Akazitazama zile mbili, akavuta mdomo, akasema ah, kesho kutwa.

Kesho kutwa ilikuwa na kazi, na iliyofuata pia. Jumapili mama akauliza: "Picha yangu?" Flashi akajibu neno la kwanza lililomjia mdomoni, na laiti angelimeza. Alisema iko kwenye kadi iliyogoma, anaitengeneza. Lilikuwa jibu zuri kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Kadi ilikuwa imegoma, nani angebisha?

Jirani akaleta albamu ya harusi mama aione. Mama akaifungua ukurasa kwa ukurasa, amevaa miwani ya kushonea. "Hizi zimetokaje?" aliuliza. Flashi akasema hizo ni za kadi nyingine. Mama akaridhika. Alikuwa mshonaji, anajua sindano hii inapita na ile inakatika, na cherehani ni ile ile.

Tangu hapo akawa anaiulizia kadi kama ndugu aliyelazwa. "Kadi inaendeleaje?" "Bado, mama." "Umejaribu kuianika? Mimi cherehani ikishika unyevu naianika." "Nitajaribu." Wiki nyingine: "Na mafuta je? Tone moja tu, kwa ncha ya sindano." Dada alicheka, mama naye akacheka, na Flashi akacheka nao, macho kwenye sahani.

Mara moja alijitutumua. "Mama, vaa gauni njoo studio nikupige nyingine, hiyo tuachane nayo."

"Nyingine ya nini, na mimi nilishapigwa?" mama alisema. "Siku ile nilikuwa nimesukwa, nimepumzika, moyo mweupe. Sasa nikija huko nitakuja na uchovu wangu wa sare mia mbili. Wewe hangaika na hiyo kadi."

Angesema ukweli siku hiyo, yangekwisha. Mama angenuna juma moja, angemwita majina mawili matatu, halafu angevaa gauni. Flashi alijua hivyo. Kilichomfunga ulimi ni aibu. Alipaswa kusema: mama, siku ile nilikuweka kundi moja na wale ninaowacheka hapa mezani kwako. Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi peke yake studio, haikutoka.

Na cha ajabu, kadi aliihangaikia kweli. Picha za ndoa alishazihamisha, kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa. Aliifomati, kompyuta ikasema imekamilika, akaichomoa, akairudisha, akakuta kila kitu mahali pake: ndoa, shule, mwalimu mkuu. Akabadilisha kisomeo cha kadi, akaijaribu kwenye kompyuta ya kinyozi, akabandua selotepu akabandika nyingine. Alipokuwa akihangaika nayo alijisikia nafuu kidogo, kana kwamba kuna picha ndani yake na yeye ni mtoto mwema anayeitafuta.

Miezi mitano baada ya harusi, asubuhi ya siku ya kazi, mama akaanguka juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye kikanyagio. Presha. Mpaka dada anafika na dawa zake, hakukuwa na wa kumnywesha.

Flashi alilia kama mtu mwingine yeyote. Lakini hata kilio hakikumpa nafasi, kwa sababu siku ile ile, watu wanaingia na kutoka, viti vinashushwa uani, dada alimvuta jikoni akamwambia, "Kadi iko wapi?"

"Kadi ipi?"

"Usinifanyie hivyo leo. Ile yenye picha ya mama. Mazishi keshokutwa. Alisema mwenyewe, unakumbuka alivyosema, picha ile ndiyo ya kuwekwa mbele ya watu. Nataka ikuzwe, iwekwe fremu."

"Dada, kadi ile imekufa. Nimehangaika nayo miezi."

"Basi tunaipeleka kwa mwingine. Nimeuliza, kuna mwanamke ana duka lake pale nyuma ya soko la mitumba, anatoa vitu hata kwenye simu iliyozama majini. Kesho asubuhi tunakwenda mimi na wewe."

"Niachie nitakwenda mwenyewe. Wewe una wageni."

"Tunakwenda wote," dada alisema. "Nataka niione kwanza mimi."

Usiku ule hakufumba jicho, na asubuhi akafuatana naye kama kondoo. Kadi iliyogoma dada aliifunga kwenye leso akaishika mkononi njia nzima. Ile ndogo ilikuwa kwenye pochi ya Flashi. Kwa nini aliibeba hakujua, ila hakuweza kuiacha.

Duka lilikuwa na meza ndefu, taa ya kuinama, na simu zilizofunguliwa matumbo zimepangwa kila moja na karatasi yake ya jina. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani minene na sauti ya chini. Aliwapa pole. Dada akafungua leso, akaeleza yote kwa kirefu: mama, harusi, gauni, kadi iliyogoma miezi mitano. Fundi akaipokea kadi, akaangalia kijiswichi cha pembeni, akaiona selotepu, akaipitishia pamba yenye spiriti, akaichomeka.

Picha zikajaa kwenye kioo. Zote kwa mkupuo, safi, kama zimepigwa jana.

Dada akaweka mkono kifuani. "Umezitoa. Dada yangu, Mungu akubariki, umezitoa."

"Sijafanya kitu," fundi alisema. Akajaribu kuweka faili moja jipya, kompyuta ikakataa. Akajaribu kufuta moja, ikakataa. Akatikisa kichwa. "Kadi hii imechoka. Zikifika mwisho huwa zinajifunga zenyewe. Kipya haipokei, lakini ilichonacho haikatai kukitoa. Hii kompyuta yoyote ingeisoma. Nani aliwaambia imekufa?"

Dada alimgeukia mdogo wake, akamtazama, bado hajaelewa, ila kuna kitu kilianza kumpanda usoni.

"Haya, tutafute ya mama," fundi akasema, akashusha picha. Ndoa. Maua. Maharusi wanaingia. Bwana harusi anamvutia mkewe kiti. Basi. "Ya mwisho ni hii, saa nane na dakika kumi na mbili. Mama alipigwa saa ngapi?"

"Saa kumi," dada alisema. "Baada ya keki. Mimi ndiye niliyemshikia mkoba."

"Basi humu haimo. Kulikuwa na kadi nyingine?"

Flashi akatoa pochi, akaiweka ile ndogo mezani. Fundi akaichomeka. Picha arobaini na moja. Keki, na keki, na keki. Wazazi wa bwana harusi, wazazi wa bibi harusi. Zawadi. Kwenye moja ya zile za keki, nyuma ya bega la mjomba mmoja mnene, kulikuwa na doa la zambarau. Fundi akalikuza. Nusu ya uso, bila macho ya kueleweka, na mkono unashika kola. Akalikuza zaidi, likawa ukungu mtupu.

"Nyingine hakuna," fundi alisema. Kisha, kwa kuwa ni kazi yake kusema vitu kama hivyo, akaongeza, "Na hii haikujaa. Ilikuwa na nafasi ya picha mbili."

Nje mtu alikuwa ananadi mashati.

"Taa iliwaka," dada alisema taratibu. "Mara mbili. Nilikuwa karibu yenu, iliniumiza macho. Alikuuliza umeipata, ukasema umeipata."

Flashi alitaka kusema habari ya stoo na kreti za soda, kadi iliyosahauliwa, mshereheshaji na kipaza sauti chake. Aliona ni maneno mengi kwa mtu ambaye mama yake hajazikwa.

"Nilibonyeza cha nyuma," alisema.

Kwa mtu mwingine asingekuwa amesema kitu. Lakini dada alikuwa amekaa kwenye meza ile Jumapili zote zile, anakijua kile kitufe kama anavyojua dawa za rafu yake. Akaikunja leso tupu mara mbili, mara nne, akaiweka mkobani. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Unajua pale pale nilimtania?" alisema. "Aliporudi mezani nilimwambia, mama, angalia isije ikawa na wewe umepigwa hewa. Unajua alinijibu nini?"

"Dada, naomba."

"Alisema hewa ni ya wageni. Mimi ni mama yake."

Fundi akachomoa kadi zote mbili akazirudisha kwa vidole viwili, na hakutaka malipo.

Kitambulisho walikitoa chini ya godoro. Kazi ya kuikuza picha aliifanya Flashi mwenyewe, studio yake, kwenye kompyuta ile ile iliyobaki na kadi siku ya harusi. Nani mwingine angeifanya? Alisafisha madoa, akaondoa mhuri uliokatiza begani. Akajaribu kulifungua lile jicho lililofumba nusu, akanakili la pili akaligeuza akalibandika, na kwenye kioo akatokea mwanamke asiyemjua. Akalirudisha lilivyokuwa. Mdomo nao akauacha umepinda. Gauni la zambarau dada alilipiga pasi, ndilo alilozikwa nalo.

Siku ya mazishi picha ikasimama kwenye fremu mbele ya watu wote, na mama akawatazama kwa jicho moja na nusu, kama anataka kugombana na kila aliyekuja. Watu walipita wakaitazama, wakatazama pembeni. Shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, mwanamke ambaye hakuwahi kubakiza neno tumboni, akasimama mbele yake kwa muda, mikono kiunoni.

"Huyu siye wifi yangu," alisema. "Hakuwa hivi hata siku anaumwa. Nani alimpiga hii? Na wewe fundi mzima upo hapa, mji mzima umeupiga picha."

Flashi alifungua mdomo. Dada akamtangulia.

"Kapigwa na mtu wa ofisi ya vitambulisho, shangazi. Hatumjui hata jina." Akainyoosha fremu, ilikuwa imeinama kidogo. "Lakini yeye hakubonyeza cha nyuma."